Barua ya wazi kwa mnaotuchagulia makala za mwezi

Kwa viongozi na wahariri wa jumuiya yetu ya waandika programu, Kanda ya Ziwa.

Ndugu zangu, salaam. Wakubwa, shikamooni. Walio rika langu, mwangaluka, kama barua hii itawakuta asubuhi.

Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la hadharani. Kila mwisho wa mwezi mnatoa orodha ya makala za wanachama zilizofanya vizuri, mnaziweka juu, mnawapongeza walioziandika, na wiki nzima watu hatuna mazungumzo mengine. Orodha hiyo ina nguvu kuliko mnavyodhani. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaisoma kujua afuate nini. Mwenye duka la dawa pale Buzuruga anayetafuta mtu wa kumtengenezea programu ya stoo anauliza kwanza, nani alitajwa? Mtu akitajwa mara mbili mfululizo, kazi zinaanza kumtafuta zenyewe.

Kwa hiyo siombi muifute. Ninachoomba ni kwamba makala isiingie kwenye orodha mpaka mmoja wenu awe ameisoma hadi mwisho, amejaribu kilichoandikwa humo, na yuko tayari kueleza kwa jina lake kwa nini ameichagua. Kwa sasa, nionavyo mimi, mnahesabu laiki.

Najua mtakataa. Basi nitoe mifano, bila kutaja majina, maana sigombani na mtu.

Kuna mwanachama mwenzetu wa Magu aliyeandika makala fupi kuhusu meseji za chama cha wafugaji anakojitolea. Chama huwatumia wafugaji wake meseji za kuwakumbusha siku ya josho na siku ya chanjo. Gharama ya meseji ikawa inapanda ilhali wafugaji ni wale wale. Wazee wa chama wakaamua wanaibiwa na kampuni inayowauzia meseji, na karibu wavunje mkataba. Yeye akaomba orodha ya meseji zilizotumwa, akakaa nayo, akaona jambo la ajabu: ujumbe ule ule, ukienda kwa mfugaji anayeitwa Juma unahesabiwa meseji moja, ukienda kwa mwenye jina kama Ng'wandu unahesabiwa tatu. Na wiki ambayo ujumbe wenyewe ulitaja ng'ombe, kila mtu alihesabiwa tatu.

Maelezo yake yalikuwa hivi. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160, mradi herufi zote ziwe kwenye ile orodha fupi ambayo mitandao ya simu imeitumia tangu mwanzo wa GSM, ule mfumo wa simu za mkononi. Ikiingia alama moja tu iliyo nje ya orodha hiyo, meseji nzima inahamishiwa kwenye mfumo mwingine wa kuandika herufi, na nafasi inashuka hadi 70. Ikizidi hapo inakatwa vipande, kila kipande herufi 67, kwa sababu nafasi kidogo inabaki kwa ajili ya kuviunganisha tena kwenye simu ya mpokeaji. Sasa, ritifaa ni ile alama ya juu kwenye ng'. Iliyonyooka, ile ya taipureta, imo kwenye orodha. Ritifaa iliyopinda, ile ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe ili maandishi yapendeze, haimo. Katibu wa chama alikuwa anaandika majina kwenye kompyuta, programu inampindishia ritifaa bila kumuuliza, naye anayanakili kama yalivyo kwenda kwenye mfumo wa kutuma. Ujumbe wa herufi 150 uliostahili kuwa meseji moja ukawa vipande vitatu, na kila kipande kinalipiwa.

Dawa ilikuwa mstari mmoja wa kodi, yaani maagizo ya programu: kabla ya kutuma, kila ritifaa iliyopinda inyooshwe. Akaongeza kitu kidogo kwenye skrini ya katibu, namba inayoonyesha ujumbe utakuwa vipande vingapi kabla hajabonyeza kutuma. Akataja na alama nyingine za kuchunga, kama zile nukta tatu ambazo kompyuta huziunganisha kuwa alama moja, kistari kirefu, na emoji. Mwishoni akagusia, kwa aya moja tu, kwamba majina hayo hayo yanakataliwa na fomu nyingi za kujisajili zinazodai jina lina alama zisizoruhusiwa, kwa kuwa mtengenezaji aliogopa ritifaa isije ikavunja maagizo yake ya kuandika kwenye hifadhidata, pale programu inapotunza taarifa zake. Kuna njia salama ya kupitisha jina lolote kwenye hifadhidata bila kulibandika ndani ya agizo, na inajulikana miaka mingi. Mtengenezaji akaona rahisi kumkataa Ng'wandu.

Huku kwetu Usukumani, nani asiyekuwa na Ng'wandu kwenye orodha yake ya wateja? Makala ile inamhusu kila mtu anayetuma meseji kuanzia hapa hadi Bariadi. Ilipata laiki za kuhesabu kwa vidole, ikapita. Mwezi ule makala iliyokaa juu ya orodha yenu ilikuwa inataja lugha kumi za programu za kujifunza mwaka huu. Niliisoma. Lugha kumi zilikuwepo kweli, sikuona cha kubisha.

Wala siwalaumu waliobonyeza laiki. Laiki inapimwa na mambo mengi yasiyohusu ubora. Makala ikiwekwa usiku, watu wameshapata bando la usiku, inasomwa. Ikiwekwa saa nne asubuhi siku ya kazi, inazama. Mtu mwenye marafiki wengi chuoni anawatumia kiungo kwenye kundi la darasa, wote wanabonyeza kabla hata ukurasa haujamaliza kufunguka. Tena kuna hili ambalo sijasikia mkilizungumza: watu waliofaidika zaidi na makala nzuri mara nyingi si wanachama. Yule katibu wa chama cha wafugaji hana akaunti kwetu na hatakuja kuifungua. Fundi aliyekwama saa sita usiku akaupata ule mstari mmoja, ameunakili, amefunga kompyuta, amelala. Shukrani yake haionekani kwenye hesabu zenu.

Mfano wa pili unaniuma zaidi, kwa kuwa unatoka kwenye kazi ninayoijua.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania nzima intaneti ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa. Wengi mnakumbuka. Kwetu tunaotengeneza mifumo ya wafanyabiashara wa samaki, somo lilikuwa chungu. Karani yuko soko la samaki la Mwaloni Kirumba, bosi wake yuko ofisini hapo hapo Kirumba, wanaonana kwa macho, lakini hesabu ya magunia ya dagaa haimfikii bosi kwa sababu seva, kompyuta inayotunza hesabu zote, iko Ulaya na njia ya kwenda Ulaya imekatika. Watu wakarudi kwenye daftari na kalamu, na kusema kweli daftari lilifanya kazi vizuri.

Dada mmoja wa Nansio, Ukerewe, mfumo wake haukusimama. Baadaye akaandika makala kueleza kwa nini, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa makala bora kabisa zilizowahi kuandikwa na mwanachama wa jumuiya hii. Hakuanza kujisifu. Alianza na toleo la kwanza la mfumo wake, jinsi lilivyomwaibisha. Kisiwani mtandao unakuja na kuondoka hata nyaya za baharini zikiwa nzima, kwa hiyo alikuwa ameshaiwekea simu ya karani utaratibu wa kuhifadhi kila mzani, yaani kila kipimo cha gunia, kwanza, kisha kutuma mtandao ukirudi. Tatizo likawa hili: simu inatuma, seva inapokea na kuandika, halafu mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Simu haijui kama ilifika. Inatuma tena. Gunia lililopimwa mara moja linaonekana mawili, mchuuzi anaona hesabu imenenepa, anadai alipwe yote, na karani ndiye anayeulizwa mbele za watu.

Alivyolitatua ni jambo la kufundishia. Simu yenyewe inaupa kila mzani namba yake ya pekee pale pale unaposomwa, kabla haujatumwa popote. Seva ikipokea, inaangalia namba. Kama haijawahi kuiona, inaandika. Kama ilishaiona, haiandiki tena, inajibu tu kwamba mzigo huu ninao. Simu hata ikituma mara ishirini, gunia linabaki moja. Ni kanuni ile ile inayotakiwa kwenye malipo, mtu asikatwe pesa mara mbili kwa muamala mmoja, na yeye akaieleza kwa dagaa badala ya kwa pesa, ukaielewa kwa kuisoma mara moja.

Kisha akaingia kwenye jambo ambalo wengi tunalipuuza: saa za simu. Simu za makarani zina saa zisizo sahihi. Moja iko mbele, nyingine betri iliisha kabisa ikaamka na tarehe ya miaka iliyopita. Ukipanga mizani kwa kufuata saa ya simu, mzigo wa leo unaingia kwenye hesabu za zamani. Yeye akaacha kuiamini saa, akaipa kila simu kihesabio chake kinachopanda kwa moja kila mzani, na seva ikawa inaandika saa yake yenyewe ya kupokea pembeni. Alionyesha na jedwali dogo la siku moja yenye fujo, kabla na baada.

Makala hiyo haikuwa na picha ya jalada. Kichwa chake kilikuwa "Mizani ya dagaa bila mtandao". Haikutajwa mwezi ule, haikutajwa mwezi uliofuata. Nilipomuuliza mmoja wenu, kwa heshima, alinijibu kwamba ilikuwa ndefu na mada yake ni ya watu wachache. Ndugu zangu, sisi tuko ukingoni mwa ziwa. Kama dagaa ni mada ya watu wachache Mwanza, mada ya watu wengi ni ipi?

Nije sasa kwenye makala zilizochaguliwa ambazo hazikupaswa kuchaguliwa. Nitazipitia upesi.

Ipo iliyoeleza jinsi ya kutengeneza ripoti ya mauzo ya duka. Imeandikwa kwa bidii, ina picha za skrini nyingi na nzuri. Kwenye picha hizo kulikuwa na majina ya wateja halisi, namba zao za simu, na madeni yao. Mkaiweka juu kabisa. Watu wakaona deni la mama fulani kwenye duka la fulani, na mji wenyewe huu, tunajuana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na haimsamehi mtu kwa kuwa alikuwa anafundisha. Mwandishi ni kijana, hakuelewa. Lakini angekuwepo mtu mmoja wa kuisoma kabla ya kuipandisha, angempigia simu amwambie afunike namba, aweke majina ya kubuni, irudi kesho. Nusu saa tu. Kwa kuipandisha jinsi ilivyo mliwafundisha wengine wote kwamba hivyo ndivyo inavyofanyika.

Ipo nyingine ya kuunganisha duka na malipo ya simu. Imenyooka, aya zote zinalingana, kila kichwa kidogo kina mistari minne minne. Nilipojaribu kuifuata, hatua ya tatu inaagiza upakue maktaba ya kodi, yaani kifurushi cha kodi iliyoandikwa tayari, ambayo haipo. Haijawahi kuwepo. Akili mnemba iliibuni jina, mwandishi akanakili, nanyi mkapongeza. Sina ugomvi na akili mnemba, naitumia kila siku, inanisaidia sana kusoma kodi za watu wengine. Hatari iko hapa: jina la maktaba lisilo na mwenyewe linaweza kusajiliwa na yeyote. Mtu mwenye nia mbaya akilisajili akaweka ndani yake anachotaka, mwanafunzi anayefuata makala yenu ya mwezi atapakua wizi kwa mikono yake mwenyewe, kwenye kompyuta ile ile anayojaribia malipo. Mngeifuata hatua kwa hatua mara moja tu, mngekwama pale nilipokwama mimi.

Kwa hiyo narudia ombi la kujaribu. Sisemi kila makala ijaribiwe, hamna muda huo na hamlipwi. Zile chache tu mnazotaka kuzipandisha. Makala isiyo na kodi, inayozungumzia kwa mfano namna ya kukubaliana bei na mteja, isomwe na mtu aliyewahi kukubaliana bei na mteja. Basi.

Kuhusu kueleza sababu, jambo hili lina mifano duniani na si la kubuni. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, makala teule inayowekwa ukurasa wa mwanzo hupitia mjadala wa wazi, vigezo vyake vimeandikwa, na yeyote anaweza kusoma nani alisema nini. Makala ikichakaa, ipo njia ya kuijadili upya na kuivua hadhi. Jumuiya ya DEV, ya waandika programu mtandaoni, ambayo wengi wetu tunaisoma, huchagua makala saba za wiki na kuweka maneno machache ya kutambulisha kila moja. Hayo maneno machache ndiyo ninayoyataka kwetu, ila yawe na uzito: makala hii imetatua nini, inamfaa nani, na ina upungufu gani. Hilo la mwisho msiliruke. Kumwambia mwandishi mbele za watu kwamba kazi yake ni nzuri lakini haikuonyesha itakuwaje mtandao ukikatika, ni kumheshimu kuliko kumwekea makofi kumi.

Faida nyingine ya kuandika sababu ni kwamba aliyeachwa anajua afanye nini. Leo kijana wa Sengerema anaona jina lake halipo, hajui kama kodi yake ilikuwa mbovu, lugha yake ilikuwa nzito, au hakuna aliyeifungua. Mwezi wa tatu anaacha kuandika. Nawajua walioacha, na baadhi yao ni watu ambao ningelipa kuwasoma.

Kuna na suala la makala za zamani, ambalo nahisi hamjaliwaza. Ile orodha ya makala za kudumu, mlizozipa alama ya dhahabu, bado inaanza na makala ya kupanga foleni ya magari kwenye kivuko cha Kigongo. Ni nzuri, hesabu yake ya foleni ni safi, na aliyeiandika alikaa pale gatini akipima. Ila Daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, gari linapita bila kusimama. Mgeni akiisoma leo anadhani bado tunasubiri pantoni. Makala haijafa, foleni ya kivuko na foleni ya hospitali au benki ni ndugu. Inahitaji tu maelezo mawili juu yake yanayosema iliandikwa lini na nini kimebadilika. Vivyo hivyo zile zinazoelekeza menyu za Tigo Pesa hatua kwa hatua, ilhali jina lenyewe lilibadilishwa mwishoni mwa 2024 kuwa Mixx by Yas. Mtu mmoja apewe kazi ya kuzipitia angalau kila mwaka. Anayejitokeza kwa kazi hiyo apongezwe kama mwandishi, kwa sababu kutunza makala ni kazi, na hakuna anayeitamani.

Lugha nitaigusa kidogo tu, maana tukianza hatutamaliza. Makala nyingi mnazopandisha ni za Kiingereza, na nyingine ni Kiingereza kilichotafsiriwa kwa haraka hadi huelewi ni nani anamwambia nani. Sidai kila kitu kiwe cha Kiswahili. Nasema tu kwamba zile mbili nilizozieleza hapo juu, ya ritifaa na ya dagaa, zote ziliandikwa kwa Kiswahili cha mtu anayeongea, na sidhani ni bahati. Mtu akieleza kazi yake kwa lugha anayoifanyia kazi, hana pa kujificha. Asipoelewa jambo, aya inamsaliti.

Na wapo wanaoweza lakini wanaogopa. Wanadhani makala lazima ianze na historia ya kompyuta, lazima iwe ndefu, lazima iwe na maneno mazito. Hawa wanahitaji mtu wa kuwasomea rasimu kabla haijatoka. Zawadi mnayotoa sasa, fulana yenye nembo, ni nzuri, ninayo moja na naivaa. Ila mkimuuliza yule wa Nansio, sidhani atachagua fulana. Atachagua mtu wa kumsomea rasimu na bando la kupakia picha zake, maana alinisimulia kwamba picha za lile jedwali alizipakia akiwa amekuja mjini na meli, kule hazikuwa zinapanda. Nikisoma majina ya waliotajwa, naona waliojaa ni wa mjini kati, Nyegezi na Capri Point. Wa Musoma wako wapi? Wa Bukoba? Wasichana ni wachache kiasi kwamba mtu anawataja kwa majina bila kuangalia orodha. Siamini kwamba hawaandiki. Makala zao zipo, nimezisoma baadhi usiku nikiwa natafuta jibu la jambo lingine kabisa.

Mtaniuliza nani atafanya kazi yote hii. Swali la haki. Wasomaji watatu wanatosha, wanaobadilika kila robo mwaka ili asichoke mtu na asijenge kambi mtu. Asiyehusika na makala ndiye aisome. Kama mwandishi ni rafiki yako, au mnafanya kazi ofisi moja, unampa mwenzako. Mapendekezo yapokelewe kutoka kwa mwanachama yeyote, na anayependekeza aseme imemsaidia wapi. Laiki zibaki, hazina ubaya, zitumike kama fununu ya wapi pa kuangalia. Na mwezi ambao hakuna makala iliyofikia kiwango, semeni hivyo. Orodha yenye makala moja haitaua mtu. Itatuogofya kidogo, tutaandika vizuri mwezi unaofuata.

Najua pia kuna hofu kwamba mkianza kukosoa watu watanuna. Watanuna, ndiyo. Mimi mwenyewe nikikosolewa hununa mpaka jioni. Lakini jumuiya hii ina watu ambao kila siku wanaambiwa na kompyuta kwamba wamekosea, mstari wa ngapi, herufi gani, na hawajaacha kazi.

Kikao cha kupanga orodha ya mwezi ujao kiko Jumamosi. Naomba jambo hili liwekwe kwenye ajenda kabla ya chai, kwa sababu baada ya chai watu wanawahi daladala za Buhongwa na Igoma na mnabaki watatu mnaoamua kila kitu. Nitakuja na kompyuta yangu na makala tatu ninazoona zilirukwa, hizo mbili mlizozisikia na nyingine moja ya bei za mpunga kwa simu za kitochi. Tuzifungue, tuzijaribu pale pale mbele ya wote, na atakayeona hazistahili aseme kwa nini. Kama mtahitaji msomaji wa robo mwaka ya kwanza, jina langu liandikeni. Msomaji wa pili nimeshampata, yuko Misungwi, ni mkali kuliko mimi na hana rafiki hata mmoja kati ya waandishi wetu. Wa tatu tafuteni nyinyi.

Wenu,
Mwanachama, Pasiansi, Mwanza